Kutoa Upya ni Kuhariri: Santuri ya "Zulus Ball" (1923) na Mafunzo Yake kwa Watafiti wa Matini za Sauti

Ikisiri

Makala haya yanachunguza maana ya kutolewa upya kwa santuri adimu za muziki wa jazi. Mfano unaotumiwa ni santuri namba 5275 ya kampuni ya Gennett, iliyonaswa na bendi ya King Oliver mwaka 1923, ambayo nakala yake inayojulikana ni moja tu. Hoja ya msingi ni kwamba toleo jipya la santuri ni kazi ya uhariri sawa na toleo la muswada. Kwa sababu hiyo, furaha ya wakusanyaji inastahili kuambatana na maswali ya kihakiki kuhusu nakala, kasi, kelele na maelezo. Sehemu ya mwisho inaonyesha jinsi maswali hayo yanavyowahusu watafiti wa Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Wataalamu wa fasihi simulizi wamekwisha kuzoea hoja kwamba maandishi ya ngano au utenzi si utendaji wenyewe. Anayeandika huchagua, huacha, husahihisha na hupanga. Kwa upande wa rekodi za sauti, hata hivyo, tahadhari hiyo hulegea. Mtafiti anayesikiliza wimbo wa zamani katika kaseti au diski huelekea kuamini kwamba anamsikia mwimbaji mwenyewe, kama alivyoimba siku ile, bila ya mkono wa mtu mwingine kuingia kati.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba imani hiyo haina msingi. Tutafanya hivyo kwa kuchunguza santuri moja iliyonaswa mbali na pwani yetu, katika mji wa Richmond, jimbo la Indiana, nchini Marekani. Mfano huu umechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ni mfano ulio wazi: nakala ikiwa moja tu, kila uamuzi wa mhariri huonekana uzito wake. Pili, wakusanyaji wa santuri za jazi wamekuwa na mjadala mrefu na makini kuhusu matoleo mapya, na mjadala huo unaweza kutufaa sisi tunaoshughulika na sauti za Kiswahili.

2.0 Santuri na Mazingira Yake

2.1 Bendi na vikao vya mwaka 1923

Joe Oliver, aliyejulikana kwa lakabu ya "King", alikuwa mpiga korneti kutoka New Orleans. Mwaka 1922 bendi yake ilikuwa ikipiga katika ukumbi wa Lincoln Gardens mjini Chicago. Mwaka huohuo alimwita kijana wa mji wake, Louis Armstrong, awe mpiga korneti wa pili. Wengine waliokuwamo katika bendi hiyo mwanzoni mwa 1923 ni Johnny Dodds kwenye klarineti, nduguye Baby Dodds kwenye ngoma, Honoré Dutrey kwenye tromboni, Lil Hardin kwenye piano na Bill Johnson kwenye besi na banjo.

Mwezi Aprili 1923 bendi hiyo ilisafiri hadi Richmond kunasa santuri kwa ajili ya kampuni ya Gennett, iliyokuwa mali ya kiwanda cha piano cha Starr. Katika vikao hivyo Armstrong alipiga kwa mara ya kwanza kipande cha peke yake katika santuri, ndani ya "Chimes Blues". Kabla ya mwaka kwisha, bendi ilikuwa imenasa pia kwa kampuni za OKeh, Columbia na Paramount, na jumla ya nyimbo zilizobaki inazidi 35. Kwa wanahistoria wengi wa jazi, huo ndio mkusanyo mkubwa wa kwanza wa rekodi za bendi ya Wamarekani weusi waliopiga mtindo wa New Orleans.

Tarehe 5 Oktoba 1923 bendi ilirudi Richmond. Miongoni mwa nyimbo zilizonaswa siku hiyo zilikuwa "Zulus Ball" na "Workingman Blues", zilizotolewa pamoja, kila moja upande wake, katika santuri namba 5275. Santuri hiyo ndiyo mada yetu.

2.2 Namna sauti ilivyonaswa

Mwaka 1923 maikrofoni ilikuwa bado haijaingia katika studio za santuri. Unasaji wa umeme ulianza kuenea mwaka 1925. Wanamuziki walijipanga mbele ya pembe kubwa. Mawimbi ya sauti yaliingia katika pembe, yakatikisa utando mwembamba, na utando ukaisukuma sindano iliyochora mfuo katika sahani ya nta. Sahani hiyo ilifunikwa kwa metali ili kupata mihuri ya kuchapia santuri za kuuzwa. Kila upande ulibeba takriban dakika tatu.

Pembe haikuwa na usawa. Ngoma kubwa na besi ziliisumbua sindano. Kwa hiyo Baby Dodds hakuweza kutumia ngoma zake zote, akategemea zaidi vipande vya mbao, na Bill Johnson alipiga banjo katika vikao vya Aprili ilhali ukumbini alikuwa mpiga besi. Simulizi ya wanabendi inaeleza kwamba Armstrong, kwa ukubwa wa sauti ya korneti yake, ilimbidi asimame mbali nyuma ya wenzake. Studio nayo ilikuwa karibu na reli, na garimoshi lilipopita kazi ilisimama.

Maelezo haya yana umuhimu wa kinadharia. Yanaonyesha kwamba uhariri ulianza kabla hata ya nta kuchorwa. Kile kilichoingia katika pembe kilikuwa bendi iliyopangwa upya ili iweze kunaswa. Hakuna toleo jipya, hata liwe la ustadi namna gani, linaloweza kuturudishia ngoma ambayo haikupigwa.

2.3 Sababu za kuadimika

Santuri za wakati huo zilitengenezwa kwa shelaki, yaani utomvu wa wadudu uliochanganywa na unga wa mawe. Ni kitu kigumu lakini kinachovunjika kwa urahisi, na sindano za chuma zilikikwangua kila santuri ilipochezwa. Nyumba nyingi zilicheza santuri hadi zikaisha, kisha zikazitupa. Mwaka 1942, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, serikali ya Marekani ilibana sana matumizi ya shelaki, na santuri kuukuu zikakusanywa ili zisagwe na kutengenezewa mpya.

Kwa kawaida hasara ya nakala hufidiwa na mihuri ya metali iliyohifadhiwa kiwandani. Mihuri mingi ya Gennett haikuhifadhiwa. Hivyo, kwa santuri nyingi za kampuni hiyo, nakala zilizouzwa madukani ndizo shahidi pekee.

Kwa santuri namba 5275 ushahidi huo umepungua hadi nakala moja. Hata hivyo, pande zake mbili hazina hali sawa. "Workingman Blues" ilinaswa tena na bendi hiyo kwa kampuni ya OKeh mwezi huohuo wa Oktoba, kwa hiyo wimbo huo una ndugu wa kulinganishwa naye. "Zulus Ball" haina ndugu. Sahani ile ingevunjika kabla ya kurudufiwa, tungebakiwa na jina la wimbo katika orodha na si zaidi.

3.0 Wakusanyaji na Historia ya Kutoa Upya

Kazi ya kutoa upya santuri za jazi haikuanzishwa na vyuo vikuu. Ilianzishwa na wapenzi. Katika miaka ya 1930 duka la Commodore mjini New York, likiongozwa na Milt Gabler, lilikuwa miongoni mwa wa kwanza kuchapa upya santuri za jazi zilizokwisha sokoni. Gabler alizingatia pia kuandika majina ya wapigaji kwenye lebo. Mwaka 1936 Charles Delaunay alichapisha nchini Ufaransa orodha yake ya santuri za jazi, na baadaye Brian Rust wa Uingereza akaipanua kazi ya namna hiyo kwa kiasi kikubwa. Mwaka 1940 George Avakian alianza kuisimamia kampuni ya Columbia katika mfululizo wa albamu za jazi ya zamani. Mwaka 1953 Bill Grauer na Orrin Keepnews walianzisha kampuni ya Riverside, na kazi yake ya mwanzo ilikuwa kutoa upya santuri za Gennett na Paramount.

Mpangilio huu wa matukio unatufundisha jambo. Wakusanyaji ndio waliotunza vitu, wakatengeneza orodha, wakabishana juu ya nani alipiga nini, kisha wakayalazimisha makampuni kuzithamini mali zao wenyewe. Tunapouliza kwa nini walifurahia kila toleo jipya, jibu la haraka ni kwamba walipata kusikia kile ambacho hawakuweza kukinunua. Jibu hilo ni la kweli lakini halitoshi. Mkusanyaji makini alifurahi kwa sababu ushahidi uliokuwa mikononi mwa mtu mmoja sasa ulikuwa mbele ya wote, na madai yaliyotolewa juu yake yangeweza kupimwa.

Tuchukue mfano wa "Dipper Mouth Blues", iliyonaswa na bendi hiyohiyo mara mbili, Aprili kwa Gennett na Juni kwa OKeh. Msikilizaji wa toleo moja huweza kudhani kwamba kipande maarufu cha korneti cha Oliver kilibuniwa papo hapo. Matoleo yote mawili yakiwekwa pamoja, hugundulika kwamba kipande hicho kinafanana sana katika vikao vyote viwili: kilikuwa kimekwisha kutulia akilini mwa mpigaji. Mwanafunzi wa fasihi simulizi atalitambua suala hili mara moja. Ni lilelile la uhusiano kati ya kanuni iliyokaririwa na ubunifu wa jukwaani, na haliwezi kujadiliwa pasipo kuwa na matini zaidi ya moja.

4.0 Toleo Jipya kama Kazi ya Uhariri

4.1 Uteuzi wa nakala na sindano

Pale ambapo nakala ni nyingi, mhariri hutafuta iliyochakaa kidogo, na pengine huunganisha vipande vya nakala mbili. Pale ambapo nakala ni moja, uteuzi unahamia kwenye sindano. Mfuo wa santuri ya shelaki ni mpana, na sindano yake ni nene takriban mara tatu ya ile ya santuri ndefu za baadaye. Sindano za unene tofauti hugusa sehemu tofauti za ukuta wa mfuo. Fundi hodari hutafuta ile inayofika mahali ambapo sindano za chuma za miaka ya 1920 hazikukwangua. Nakala moja basi inaweza kutoa masomo kadhaa, kama muswada uliofifia unavyosomwa kwa taa za aina mbalimbali.

4.2 Kasi

Tumezoea kusema kwamba santuri za zamani zilizunguka mara 78 kwa dakika. Mwaka 1923 kiwango hicho hakikuwa kimekazwa. Kampuni zilitofautiana, na hata vikao vya kampuni moja vilitofautiana. Santuri iliyonaswa kwa mizunguko 74, ikichezwa kwa 78, hupanda sauti karibu nusu toni, na wimbo wa dakika tatu hupungua hadi dakika 2 na sekunde 51. Wapigaji huonekana wepesi kuliko walivyokuwa, na mlio wa korneti huwa mkali zaidi.

Mhariri huamua kasi kwa kuangalia ngazi ya sauti. Wapiga korneti na klarineti wana ngazi ambazo vidole vyao vimezizoea na nyingine wanazoziepuka. Kasi inayouangusha wimbo katika ngazi wasiyoipenda inatia shaka. Huo ni ushahidi wa kimazingira, na wahariri wawili wenye nia njema wanaweza kufikia matokeo mawili.

4.3 Kelele

Unasaji kwa pembe ulipata sehemu ndogo tu ya masafa ya sauti, takriban kati ya hezi 250 na 2,500, na juu ya hapo sehemu kubwa ni mkwaruzo. Kishawishi cha kuukata mkwaruzo wote ni kikubwa, hasa kwa kompyuta za leo. Tatizo ni kwamba mpaka kati ya mkwaruzo na muziki si ukuta. Pumzi ya klarineti, mwanzo wa pigo la banjo na mgongano wa vipande vya mbao vimo katika eneo hilohilo. Fundi Mwingereza John R. T. Davies, aliyefariki mwaka 2004, aliheshimiwa na wakusanyaji kwa subira yake: aliondoa milio ya mikwaruzo mmoja baada ya mwingine kwa kukwangua utepe wa sumaku kwa wembe, pasipo kugusa sauti iliyo kando yake.

Ndiyo maana wakusanyaji wengi hulipokea kwa shaka toleo lililo safi kupita kiasi. Wanapendelea lile linaloacha kelele fulani ili muziki ubaki. Mwaka 2006 David Sager na Doug Benson walitoa rekodi zote za bendi ya Oliver za mwaka 1923 katika diski mbili, "Zulus Ball" ikiwemo. Sifa kubwa iliyotolewa kwa toleo hilo ilikuwa uwazi wa sauti: wasikilizaji waliweza kutofautisha korneti mbili mahali ambapo matoleo ya zamani yalitoa mvumo mmoja. Hata hivyo, uwazi huo pia ni matokeo ya maamuzi, na toleo la baadaye linaweza kuamua vingine.

4.4 Maelezo ya toleo

Toleo la muswada lisilotaja lilikotoka halina thamani ya kitaaluma. Toleo la santuri lapaswa kupimwa kwa kipimo hichohicho. Msomaji anapaswa kuelezwa namba ya santuri, namba ya kikao iliyochorwa karibu na lebo, tarehe na mahali, majina ya wapigaji na kiwango cha uhakika wake, kasi iliyochaguliwa, na nakala iliyotumika. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika fani hii mali yaweza kuwapo na bado habari yake ikapotea.

5.0 Haki ya Mtendaji

Furaha ya wakusanyaji ina upande usiopendeza. King Oliver alifariki mjini Savannah, Georgia, mwezi Aprili 1938, akiwa maskini, baada ya kufanya kazi ya usafi katika ukumbi wa mchezo wa puli. Wakati huo matoleo mapya ya jazi ya zamani ndiyo kwanza yalikuwa yakianza kupata soko. Thamani ya santuri zake ilipanda alipokuwa hayupo tena kuipokea.

Kisheria suala hili limebadilika. Kwa sheria ya Marekani iliyopitishwa mwaka 2018, rekodi za sauti zilizotolewa mwaka 1923 ziliingia katika milki ya umma tarehe 1 Januari 2024. Tangu siku hiyo yeyote nchini humo anaweza kuitoa "Zulus Ball" bila ya ruhusa wala malipo. Kwa mtafiti hii ni neema. Kwa upande wa maadili, wajibu umeongezeka: pale sheria inapoacha kudai malipo, deni linalobaki ni la jina na la ukweli. Anayetoa upya bila ya kutaja wapigaji, au kwa kasi ya ovyo, anamdhulumu mtu asiyeweza kujitetea.

6.0 Mafunzo kwa Watafiti wa Kiswahili

Neno jazi lilifika kwetu mapema. Dar es Salaam Jazz Band iliundwa mwaka 1932, na baadaye zikaja Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Nuta Jazz na nyinginezo, ingawa muziki wao ulikuwa dansi ya kwetu zaidi kuliko mtindo wa New Orleans. Santuri za shelaki nazo zilifika mapema. Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kunasa nyimbo zake, na santuri hizo ni miongoni mwa kumbukumbu za kale za sauti ya uimbaji wa Kiswahili. Katika karne hii matoleo mapya yamefuata. Mfululizo wa Zanzibara, ulioanza kutolewa Ufaransa mwaka 2005, umerudisha masikioni taarabu ya Unguja na Mombasa pamoja na dansi ya Tanzania ya miaka ya 1960.

Matoleo hayo yapokewe kwa shukrani, na yasomwe kwa uhakiki. Katika nyimbo zenye maneno, maamuzi ya fundi hugusa lugha yenyewe. Sauti kama s, sh, f na th hubebwa zaidi na masafa ya juu, na hayo ndiyo ya kwanza kupotea mkwaruzo unapokatwa. Msikilizaji anaweza kushindwa kutofautisha "saa" na "faa", au "thamani" na "samani". Mtafiti akiandika matini ya wimbo kutoka katika toleo la namna hiyo, kosa la fundi litageuka kuwa kosa la msomaji, na baadaye kuwa mjadala wa wahakiki juu ya neno ambalo mwimbaji hakulitamka. Kasi nayo hubadili rangi ya sauti: mwanamke mtu mzima akasikika kama msichana.

Taaluma yetu ina utamaduni wa kuyashughulikia mambo haya kwa upande wa maandishi. Mashairi ya Muyaka bin Haji yalitufikia kwa juhudi za W. E. Taylor akisaidiwa na Mwalimu Sikujua, kisha yakachapishwa na William Hichens mwaka 1940. Hakuna mhakiki anayesoma diwani hiyo leo bila ya kujiuliza mikono hiyo ilifanya nini. Swali hilohilo lielekezwe kwa kila diski na kila kaseti tunayoitumia darasani.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba santuri iliyotolewa upya hupitia mikono mingi: waliopanga bendi mbele ya pembe, waliotunza nakala, waliochagua sindano na kasi, walioondoa kelele na walioandika maelezo. Tunapendekeza kwamba watafiti wanaonukuu nyimbo za zamani wataje toleo walilolisikiliza, kama wanavyotaja toleo la kitabu, na kwamba idara zetu zikusanye na kuorodhesha santuri zilizosalia majumbani kabla ya kuvunjika. "Zulus Ball" ilisalimika kwa sababu kulikuwa na mtu mmoja ambaye hakuitupa sahani yake. Huenda katika kabati fulani la Mombasa, Unguja au Tanga imo sahani yenye hali hiyohiyo, na mwenye nyumba anafikiria kufanya usafi.